Mtu Aliyeitwa Kupe

Darweshi Kaoneka aliletwa mjini Lushoto na mjomba wake mwaka 1955, akiwa na miaka kumi na tisa, ajifunze kushona. Alitoka Mlola, kwenye nyumba ya mjane aitwaye Mwajuma, mkulima wa mahindi na maharage mwenye vishina vichache vya kahawa, ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Mimi nilikuwa nimemtangulia miaka miwili kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, katika barabara inayoteremka sokoni. Cherehani yake iliwekwa karibu na yangu kiasi kwamba tulipokata vitambaa viwiko viligongana. Jina langu Nathanaeli, Mlutheri wa Mlalo. Yeye alikuwa Mwislamu asiyekosa sala. Hatukuwahi kugombana.

Kipaji chake tulikiona mapema. Mteja alipokwisha kuondoka, Darweshi alisimama na kutembea kama yeye: huyu anayevuta mguu wa kushoto, yule anayejikuna shingo kabla ya kuuliza bei. Hakuwafanyia dhihaka. Alikuwa anawatazama tu zaidi kuliko sisi tulivyowatazama, na walikaa ndani yake.

Uhuru ulipokuja, Desemba ya mwaka 1961, walimu na mafundi wa mjini waliandaa mchezo wa kuigiza uwanjani. Darweshi alipewa nafasi ya bwana shauri, yule Mwingereza aliyekuwa akituhukumu kwa kuvunja amri za matuta ya shamba. Tulimtengenezea kofia ngumu kwa magazeti na uji wa ngano. Alipotoka mbele ya watu, mikono nyuma, kidevu juu, wazee walioketi mstari wa kwanza walisimama kwa mazoea kabla ya kukumbuka kwamba ni mtoto wa Mwajuma. Halafu kicheko kilipasuka, kikaenda mpaka kwenye miti ya mikaratusi.

Mama yake alikuwa ametembea kutoka Mlola tangu alfajiri ili ashuhudie. Mchezo ulipokwisha alimwambia mwanawe kwa Kishambaa kwamba kwa muda mfupi alimwogopa. Darweshi alilirudia neno hilo kwa miezi. Hakuna sifa nyingine aliyopewa siku ile iliyomkaa moyoni namna hiyo.

Miaka iliyofuata aliigiza kila palipokuwa na sherehe: Soni, Bumbuli, shule za misheni, mikutano ya chama. Mchana alishona, jioni alifanya mazoezi. Alioa msichana wa Mlola, lakini mke alichoka kukaa peke yake na akaomba talaka, naye akampa bila ubishi. Hawakujaaliwa mtoto.

Baada ya Azimio la Arusha alikuja afisa utamaduni aliyeitwa Eliudi, Mbondei wa upande wa Muheza, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alimtazama Darweshi akiigiza mara moja tu, kisha akaja barazani kwetu na kusema kwamba serikali inakusanya waigizaji Dar es Salaam. Darweshi alinitazama mimi badala ya kumjibu. Nilimwambia aende. Mwaka 1968, mwanzoni mwa mvua za vuli, alifunga cherehani yake kwa gunia, akaniachia niitunze, akapanda basi la kwenda Mombo.

Ya Dar es Salaam alinisimulia mwenyewe baadaye, kidogo kidogo, sindano ikiwa mkononi.

Kikundi chao kilikuwa na watu kama thelathini kutoka kila mkoa. Katika hao, aliyetoka milimani kwetu alikuwa mmoja tu zaidi yake: Paskalina, mwalimu wa kike mzaliwa wa Rangwi, aliyelelewa karibu na kanisa. Nyuma ya jukwaa wawili hao walizungumza Kishambaa, na wenzao wakawatania kwamba wanapanga njama. Walianza kwa kukumbushana baridi ya Juni na ladha ya mboga ya mshunga. Wakaishia kupendana, jambo ambalo walilificha, kwa sababu yeye alikuwa Mkatoliki na Darweshi Mwislamu, na wote wawili walikuwa na mama nyumbani.

Mwaka 1970 kikundi kilitengeneza picha ya sinema. Iliitwa Mavuno ya Wengi, na ilikusudiwa kuwaonyesha wananchi faida za kijiji cha ujamaa. Paskalina alikuwa mkulima kijana mwenye msimamo. Darweshi alipewa Bwana Kupe, tajiri mwenye duka na lori, anayenunua mahindi ya wanyonge yakiwa bado mabichi shambani. Alifungwa mto tumboni chini ya shati. Mwongozaji wa picha alimwambia, "Nataka mtu akikuona atamani kukupiga."

Darweshi alikaa siku mbili akimtafuta Kupe ndani yake. Alimpata katika kumbukumbu ya utotoni. Siku moja mama yake alibeba kahawa kichwani hadi kwa mnunuzi, na mnunuzi akaipima kwa macho, akasema ina unyevu, akacheka. Kilikuwa kicheko cha puani, kilichokatika na kuanza tena, huku akijipapasa tumbo kama anayempapasa mbuzi. Mwajuma alirudi na kahawa yake kichwani, mwanawe akimfuata nyuma. Darweshi alikichukua kicheko kile kama kilivyo na kumpa Kupe.

Mwishoni mwa picha, wanawake wa kijiji wanamfukuza Kupe kwa michi na miiko. Anapiga magoti vumbini, analia machozi ya uongo akiomba ahurumiwe, nao hawadanganyiki. Alilia vizuri sana. Mafundi wa kamera walicheka mpaka ikabidi warudie.

Picha ilikwenda nchi nzima. Gari la sinema lilikuwa likifika kijijini, linatundika shuka jeupe, jenereta linaanza kuunguruma, na watu ambao hawajawahi kuona picha inayotembea wanamwona Kupe. Baada ya mwaka mmoja Darweshi hakuweza kupita Kariakoo bila kuitwa jina hilo. Mwanzoni alifurahi. Aliniandikia barua akisema hata makondakta wa mabasi wanamjua. Kisha muuza nyanya mmoja alikataa kumuuzia. Kisha mwenye nyumba akamwomba ahame kwa sababu wapangaji wengine walikuwa wakilalamika. Hawakumtuhumu kwa jambo lolote alilotenda. Hawakutaka tu kuchota maji bomba moja na mtu yule.

Kwa Paskalina mambo yalikwenda kinyume. Yeye alipewa mayai, alipewa kanga, watoto wachanga waliitwa jina la yule mkulima. Jioni moja walikuwa wakitembea Ilala, na wanawake watatu walimzuia njiani, wakamuuliza kwa masikitiko makubwa kwa nini anafuatana na Kupe baada ya yote aliyowafanyia. Paskalina alijaribu kueleza. Wakamsikiliza kwa heshima, na hawakuamini hata neno.

Walipofika kituoni alimwambia, "Darweshi, mimi pia hawanijui. Lakini mimi wananipenda kwa mambo ambayo sikuyafanya, na nimeanza kuyazoea. Nikikaa na wewe nitalazimika kila siku kuchagua."

Alimuuliza kama ameshachagua. Paskalina akapanda basi. Mwaka uliofuata aliolewa na bwana misitu mmoja na kuhamia Moshi. Darweshi alinihadithia habari hiyo siku moja tu, akikunja upindo wa suruali, na alipomaliza upindo alianza habari nyingine.

Mapema mwaka 1974 alipata ujumbe kwamba mama yake ni mgonjwa. Aliomba likizo, akaja Mlola, na hakurudi tena kazini.

Alichokuwa hajaambiwa ni kwamba gari la sinema lilikuwa limefika Mlola miezi miwili kabla yake. Kijiji kizima kilikwenda uwanjani, na Mwajuma, ingawa kifua kilikuwa kinambana, alipelekwa na majirani akiwa amefungwa blanketi. Wanawake walipoanza kumpiga Kupe kwa miiko, alisimama akapiga kelele wamwache. Watu walicheka. Tangu siku ile walimwita Mama Kupe. Hawakuwa na ubaya, ilikuwa kama tunavyomwita mtu Mama Fulani kwa mtoto wake.

Darweshi alimkuta amelala karibu na moto. Baada ya shikamoo na marahaba, kitu cha kwanza alichouliza mama kilikuwa hiki:

"Walikuumiza?"

"Hapana, mama. Nilikuwa na mto tumboni, na mgongoni walinifunga magunia."

Alimweleza habari za kamera na namna tukio moja linavyorudiwa mara saba. Mwajuma alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akasema, "Kile kicheko nakijua. Ni cha yule mnunuzi wa kahawa."

Darweshi aliniambia kwamba katika miaka yote ya kazi yake, huyo ndiye mtu wa pekee aliyewahi kuiona kazi yenyewe. Wengine walimwona Kupe. Mama yake aliona kwamba mwanawe, akiwa na miaka minane, alikuwa amesimama pale kwa mnunuzi na hakusahau.

Alimuuguza mwezi na nusu. Alimpikia uji, alimbeba kwenda nje kuota jua. Siku moja mama alimwomba atembee kama bwana shauri. Darweshi aliweka mikono nyuma, akainua kidevu, akakatiza chumba kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi. Mama alicheka, akakohoa, akamwomba atembee tena.

Mama alikufa katikati ya masika. Nilipanda Mlola kwa mazishi, njia ikiwa matope mpaka magotini. Wanaume tulikuwa wengi makaburini. Darweshi alishuka kaburini pamoja na mjomba wake kumpokea mama. Alipomlaza na kumgeuza kuelekea kibla, alipiga magoti kwenye udongo mwekundu uliolowa na kuanza kulia.

Alilia kama alivyolia katika picha. Sijui namna nyingine ya kusema. Mtu ana kilio kimoja, na chake alikuwa amekwisha kukitumia. Sauti ilianzia puani, ikakatika, ikaanza tena, mabega yakapanda na kushuka vilevile. Mtu mmoja nyuma yangu alicheka, akajizuia. Wa pili akashindwa kujizuia. Kicheko kilipita kati ya wanaume kama upepo kwenye mahindi, kila mmoja akikiinamisha chini, akitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshika jembe. Nitasema kweli, midomo yangu nayo ilicheza.

Mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa akisoma dua alinyamaza na kututazama mmoja mmoja mpaka tukatulia. Lakini Darweshi alikuwa amesikia. Alifuta uso kwa mkono wenye udongo, akatoka kaburini, akasimama kama mti hadi tukamaliza. Hakutoa chozi jingine, siku ile wala siku za matanga. Wiki mbili baadaye Mlola ilikuwa imejaa maneno kwamba Kupe hakumlilia hata mama yake.

Alirudi barazani kwetu. Nilikuwa nimeitunza cherehani yake kwa mafuta, ikashona kama jana. Alipanga chumba kimoja nyuma ya soko. Kazi haikukosekana, maana watu wengine walileta nguo za kuziba tundu moja ili tu wakamwone. Walimwomba acheke. Alijibu kwa adabu kwamba ana kazi nyingi. Jioni alisali, akanunua mkate na mkebe wa chai, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Nilimkaribisha nyumbani kwangu mara nyingi, na mke wangu Marta alimwekea sahani. Alikuja Idi mbili na Krismasi moja. Nadhani watoto wangu walikuwa wakimtazama sana.

Mwaka 1976 gari la sinema lilikuja Lushoto, na pamoja nalo Eliudi, mvi zimeanza kumtoka. Alikuja barazani akiwa na furaha ya kweli. Alitaka Darweshi asimame mbele ya watu kabla ya picha kuanza, wamjue mtoto wao aliyefika mbali. Darweshi alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema atakubali ikiwa ataruhusiwa kuongea kwa dakika tano, mwenyewe, bila kuigiza.

Alijitayarisha siku nne. Alijishonea koti la kijivu. Aliandika maneno kwenye karatasi, akanisomea barazani. Yalikuwa maneno mazuri: nani alimfundisha kushona, mama yake alikuwa nani, kazi ya mwigizaji ni ipi, na kwa nini mtu anayeigiza mwizi lazima awe amewahi kuibiwa.

Baada ya magharibi uwanja ulijaa. Eliudi alimtangaza kwa kipaza sauti. Darweshi akapanda kwenye sanduku mbele ya shuka jeupe, taa ya gari ikimwangaza.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi naitwa Darweshi Kaoneka, mtoto wa Mwajuma wa Mlola."

Watu walishangilia. Kisha mtu akaita kutoka nyuma, "Cheka!" na wengine wakapokea, wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja, cheka, cheka, wanawake, wazee, walimu, watu niliokuwa nikiwashonea nguo za Jumapili. Alisubiri wanyamaze. Aliinua karatasi ili wamwone anayo. Makofi yaliongezeka.

Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaweka mkono tumboni, akacheka.

Sijawahi kusikia furaha kama ile ya watu wa Lushoto. Picha ilianza wakati bado wanapiga kelele. Nilimtafuta, nikamkuta amesimama nyuma ya shuka, upande usiokuwa na mtu, ambako picha inaonekana lakini imegeuka, na maandishi yanasomeka kinyumenyume. Alikuwa amemkodolea macho Paskalina, aliyekuwa ameshika jembe kwa mkono wa kushoto. Nilisimama naye kidogo. Hakunigeukia, nami nikaondoka.

Kisha vikaja vita vya Uganda, na baada ya vita petroli ikawa adimu. Gari la sinema halikuja tena. Wengine walisema filamu yenyewe ilikuwa imechakaa. Sabuni na chumvi zilipatikana kwa foleni, vitambaa navyo vikaadimika, na kazi yetu ikawa zaidi kugeuza kola zilizochakaa. Katika shida hizo watu walimsahau Kupe. Halikutokea kwa siku moja. Kwanza waliacha kumwomba acheke, halafu wakaacha kumtazama, halafu wakaja vijana ambao kwao alikuwa fundi mmoja mwenye mvi.

Nilidhani atapumzika. Mwaka 1982 alikwenda Tanga kupimwa macho, na aliporudi alinieleza jambo lililomtokea huko. Alikuwa amefika dirisha la kuandikisha wagonjwa. Karani, msichana mwenye heshima, alimwamkia na kumuuliza jina. Akasema Darweshi Kaoneka. Msichana akaandika, akauliza umri, akauliza kijiji, akaandika. Darweshi alibaki amesimama dirishani.

"Kuna jambo jingine, mzee?" msichana aliuliza.

Na hapo, bila kupanga, Darweshi aliweka mkono tumboni na kucheka kicheko cha Kupe, chote, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Msichana aliacha kalamu. "Mzee, kuna mahali panakuuma?"

Alimjibu kwamba hapana, akaenda kukaa kwenye benchi pamoja na wengine. Aliponisimulia hakuonyesha haya wala uchungu. Alisema tu kwamba kwa miaka kumi alikuwa akimwomba Mungu siku ile ifike, na ilipofika alijikuta anamwita mtu yule yule arudi, maana hakumpata mwingine wa kumtambulisha.

Mwaka uliofuata macho yalimzuia kutunga uzi. Aliuza cherehani kwa fundi wa Lukozi, akarudi Mlola kwenye nyumba ya mama yake. Nilikwenda kumtembelea mara moja, mwezi wa Agosti 1984, kukiwa na ukungu mzito. Nilimkuta akichimba viazi. Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Mlikuwa na kiti kimoja, akanipa mimi, yeye akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Jirani alipita na kumwamkia, "Shikamoo, mzee Darweshi," naye akaitikia.

Nilimwambia nimefurahi kusikia wanamwita kwa jina lake.

"Wananiita," alisema. "Kila asubuhi. Kisha wanapita."

Alinichemshia chai, akanifungia viazi kwenye kikapu, akavichagua vikubwa kimoja kimoja kwa kuvipapasa. Tulizungumza habari za Marta na watoto, na za duka la Mhindi, ambalo lilikuwa limefungwa. Saa tisa nilimuaga kwa sababu lori la mboga lilikuwa linaondoka saa kumi na hapakuwa na gari jingine hadi kesho yake. Alinisindikiza mpaka penye mfereji. Hapo alinipa mkono na kuniuliza kama nitakuja tena kabla ya mvua. Nilisema nitakuja, na nilikusudia kweli.

Alifariki mwezi wa Novemba. Habari ilinifikia sokoni siku ya tatu, kwa mdomo wa mtu aliyekuja kuuza karoti.